Nyanya Ambazo Wifi Hakuzigusa

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Bariadi, na kila mwaka, ikifika mada ya urithi, nachora ubaoni yale masanduku manne ya njegere. Njegere ndefu, njegere fupi, tatu kwa moja. Wanafunzi wananakili. Sidhani kama kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanda njegere, na mimi mwenyewe sijawahi, lakini wananakili kwa sababu mtihani unakuja. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Ndiyo maana mpaka leo najikasirikia nikikumbuka kwamba masanduku yaleyale yalisimama mbele yangu katika bustani ya mama, yana majani na matunda juu yake, na mimi nikapita katikati nikisema labda udongo umekosa mbolea. Mganga hajigangi, na mwalimu naye, nimegundua, hajifundishi.

Mambo yalianza na ndoo ya nyanya. Mwalimu mwenzangu amejenga banda la nailoni nyuma ya nyumba yake, huku mtaani kwetu Somanda. Hununua mbegu za chotara, zile za kopo, na nyanya zake zina sifa moja ambayo wachuuzi wanaipenda kuliko utamu: haziharibiki upesi. Aliniletea ndoo nzima. Nikazipanga dirishani jikoni. Wiki ya kwanza zikakaa, ya pili zikakaa, ya tatu bado ukizibonyeza zinakataa kubonyea. Ladha yake, tusidanganyane, ilikuwa ya maji. Nilipopata nafasi ya kwenda kumsalimia mama, nikambebea zilizobaki.

Mama anaishi kijijini, upande wa Maswa. Unashuka Nyalikungu, unachukua bodaboda, unaiacha barabara ya lami na kwenda mpaka karibu na lambo, bwawa la kuchotea maji. Baba alishafariki, kwa hiyo mama anakaa na mdogo wangu wa kiume pamoja na mke wake, wifi yangu. Wanalima pamba na mahindi kama watu wengine, lakini moyo wa mama uko katika bustani iliyo chini ya lambo, na jina lake pale kijijini limejengwa juu ya mbegu. Maisha yake yote hajanunua mbegu ya mboga. Anachagua tunda lililoshinda mengine, analikamua, anachanganya mbegu na majivu, kisha anazipaka ukutani jikoni, mahali ambapo moshi unapita. Zikikauka zinabaki doa la mviringo, gumu. Ukuta wa jiko lake umejaa madoa hayo na kila moja analijua: hili tango la mwaka juzi, hili bilinganya la marehemu shangazi. Wanawake wa jirani wanakuja kuomba, naye anawabandulia kwa ncha ya kisu.

Alizishika nyanya zangu moja moja, akazipima uzito mkononi.

"Umesema zina wiki ngapi?"

"Hii ya nne, mayu."

"Na hazijaoza?"

"Si unaziona?"

Hakupika hata moja. Alizikamua zote, akapaka doa kubwa kama sahani karibu na mlango. Na mimi, mwalimu wa baiolojia, nilisimama pale nikamsifia. Nilimwambia amefanya jambo la akili sana. Ningesema neno moja tu, kwamba mbegu ya chotara haizai inayofanana na mama yake, kila mtoto anachukua njia yake, na yote yaliyofuata yasingetokea. Nilikuwa nalijua neno hilo. Halikunijia, nadhani kwa sababu nilizoea kulitoa nikiwa na chaki mkononi.

Aliyezipanda ni wifi. Mama magoti yamemchoka, kwa hiyo ni wifi aliyesia kitaluni, akahamishia miche kwenye matuta, akachota maji lambo asubuhi na jioni, akasimika vijiti na kufunga mashina kwa kamba za katani. Wifi ni mtu wa Nyashimo, kule kwenye barabara ya Musoma, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kazi. Wakati huo alikuwa na miaka mitatu katika nyumba yetu, na alikuwa hajapata mtoto.

Hapa lazima nieleze mwiko mmoja, ambao kwetu hauandikwi popote lakini kila msichana anaujua. Mwanamke akiwa mwezini haingii katika bustani ya vitu vinavyozaa. Matango, maboga, nyanya, zote hizo anakaa mbali nazo mpaka siku zake ziishe, la sivyo maua yatapukutika na matunda yataharibika. Nilikua nao na sikuwahi kuufikiria sana. Kwangu ulikuwa likizo ya kuchota maji. Kwa wifi ulikuwa kitu kingine kabisa. Kila mwezi, siku asipoonekana bustanini, mama alijua, mdogo wangu alijua, na majirani waliokuwa wakichota maji lambo walijua kwamba mwezi huu pia hakuna kitu. Mwiko ulikitangazia kijiji kizima habari za tumbo lake, mara kumi na mbili kwa mwaka.

Mwezi wa tisa shule zilipofungwa kidogo, mama alinipigia simu akasema njoo uone maajabu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Nyanya zilikuwa zimezaa kweli. Mashina mengi yalikuwa na matunda mekundu, mazuri, magumu. Lakini hapa na pale, katikati ya yale mekundu, lilisimama shina ambalo matunda yake yalikuwa makubwa, yamekomaa, na yamegoma. Mengine yalikuwa ya kijani bado. Yaliyotangulia yalikuwa yamepauka na kuwa ya njano, rangi ya ndimu, na ngozi yake ngumu kama ya siku ya kwanza. Hayakuoza wala hayakuiva. Mama alikuwa amefunga kitambaa kwenye kila shina lililogoma ili niyaone vizuri, akanipitisha tuta kwa tuta akinionyesha kwa kidole. Nilihesabu kwa ajili ya kumridhisha. Mashina tisini na sita, vitambaa ishirini na vitatu. Nilipoinama kuangalia jani niliona vile vitambaa vilikuwa vimechanwa kutoka kanga ya wifi.

"Mama, hii si kanga ya wifi?"

"Ilikuwa imechakaa," alisema.

Sikuamini kwamba aliichagua kwa bahati nasibu, na siamini mpaka leo.

"Mkono uliopanda ndio huo," aliendelea, taratibu, kama anayesoma tangazo kanisani. "Mkono huo ukishika kitu kinabaki kibichi. Mimi nimelima bustani hii tangu wewe hujazaliwa, nyanya yangu haijawahi kukataa kuiva."

Nilimjibu kwamba labda ni mbolea, labda ni wadudu, labda jua. Nilitaja kila kitu ambacho hakikuwa jibu. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na uzio akitazama simu yake. Nilimwuliza yeye anasemaje, akasema, "Dada, mambo ya bustani ni ya kina mama." Huyo ndiye mume. Mwaka mmoja kabla nilishamshauri waende wote wawili hospitali wakapime, akaniambia yeye haumwi.

Asubuhi yake nilimkuta wifi lambo akisugua sufuria kwa mchanga. Tulisalimiana, nikachukua sufuria moja na mimi nikasugua.

"Wifi," alisema, "nikikuambia kitu hutamwambia mama?"

"Sitamwambia."

"Niliingia. Mara mbili. Nyanya hazijatoa maua bado, niko kwenye siku zangu nikaingia bustanini, nikamwagilia kama kawaida. Nilichoka kila mtu kujua." Alisugua palepale alipokwisha sugua. "Kumbe ni kweli zinaharibika."

Nilimwambia si kweli hata chembe, damu ya mwanamke haijui nyanya na nyanya haiijui. Alitikisa kichwa kunikubalia, lakini niliona hakuniamini. Na kwa nini aniamini? Nilikuwa sijamwambia sababu ni nini, nilimwambia tu kwamba sababu si hiyo.

Mama alinifungia nyanya zilizogoma kwenye mfuko, niende nazo kwa wataalamu. Yeye alishazijaribu kwa njia yake: alizifukia kwenye pumba za mahindi ndani ya chungu pamoja na ndizi mbivu, akafunika kwa gunia. Hivyo ndivyo kwetu kitu kibichi kinavyoivishwa, na kinaiva kweli. Ndizi mbivu inatoa hewa fulani isiyoonekana, ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayoliambia tunda la jirani kwamba wakati umefika. Mama haijui kwa jina lakini anaitumia tangu utotoni. Safari hii chungu kilimwangusha.

Nami nilirudia mbinu ileile huku Somanda. Kwenye boksi la viatu niliweka nyanya tatu zilizogoma, na tatu za kijani za kawaida nilizonunua sokoni, na ndizi mbivu katikati. Baada ya siku tano zile za soko zilikuwa nyekundu na zinanukia. Za mama zilinitazama tu. Zilikuwa zimeongeza umanjano kidogo, basi.

Nikabeba lile boksi mpaka shuleni nikaliweka juu ya meza ya ofisi ya walimu, nikaenda kidato cha nne. Siku hiyo ilikuwa zamu ya njegere. Nilichora msalaba, nikachora masanduku manne, nikaandika herufi kubwa na ndogo. Nikasema kwa sauti, kama kila mwaka, "Kwa hiyo katika kila wanne, mmoja atakuwa amepokea kile kilichojificha kutoka pande zote mbili." Nikageuka niendelee. Nikarudi tena ubaoni. Tisini na sita gawanya kwa nne ni ishirini na nne. Mama alifunga vitambaa ishirini na vitatu.

Wanafunzi walinitazama nikiwa nimeshika chaki hewani. Mmoja aliuliza, "Madam, unaumwa?"

Jioni mwenye banda la nailoni aliniletea kopo la mbegu, nami nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Habari yenyewe si ngumu. Nyanya haiivi kwa kuchoka na jua. Inaiva kwa amri. Ndani ya kila chembe yake kuna jeni moja iliyo kama msimamizi wa kazi. Siku ikifika inaziamsha jeni nyingine, hii ivunje ukijani, hii itengeneze wekundu, hii ilainishe nyama, hii ilete harufu na ile hewa ya kuambukiza wenzake. Sasa, kuna aina ya nyanya ambayo jeni hiyo ina kasoro, amri haitoki. Tunda linakua, linakomaa, kisha linakaa hapo hapo. Hata ukilipulizia hewa ya ndizi halisikii. Wazalishaji wa mbegu wakaona faida: wakaichanganya nyanya hiyo na nyanya nzima, chotara akapata msimamizi mmoja mzima na mmoja mbovu, akawa anaiva lakini polepole, na akiiva halainiki upesi. Ndiyo maana zilikaa dirishani kwangu mwezi mzima. Na ukimkamua chotara huyo ukapanda mbegu zake, robo ya watoto watapata wabovu wawili. Hao hawataiva milele. Hakuna mkono wa mtu hapo. Kasoro ilikuwemo ndani ya ile ndoo niliyoileta mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa Nyalikungu kabla jua halijapanda. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Niliona nimebeba dawa.

Nilimkalisha mama jikoni, chini ya madoa yake, nikaanza. Jeni hazikumwingia. Aliniuliza kama na mimi ninaamini nyanya ina baba. Nikabadili njia, nikaenda kwenye ng'ombe, kwa sababu kwenye rangi ya ng'ombe hakuna Msukuma wa kufundishwa.

"Mayu, unamkumbuka yule ng'ombe wetu mweusi aliyepandwa na dume jeusi, akazaa ndama mwekundu?"

Uso wake ukafunguka. "Namkumbuka. Alimfuata bibi yake, bibi yake alikuwa mwekundu. Baba yako alisema wekundu huwa unalala."

"Ndiyo hiyohiyo! Ulilala kwa baba, ukalala kwa mama, ukaamkia kwa mtoto. Na nyanya ni hivyo hivyo."

"Kwa hiyo," alisema mama, akinitazama kwa makini, "kitu kinaweza kukaa ndani ya mtu, hakionekani, mpaka siku kitoke?"

"Ndiyo, mayu! Ndiyo!"

"Basi hicho ndicho ninachokisema kuhusu mke wa mdogo wako."

Ningeweza kulia. Nilikuwa nimemfundisha vizuri kabisa, na kila nilichomfundisha alikichukua akakitia kwenye kapu lake. Nilipandisha sauti, jambo ambalo mtu hafanyi kwa mama yake akiwa jikoni kwake. Nilimwambia mtu si nyanya, wifi hana kosa, mwiko hauhusiki. Nikasema, "Hata alipoingia, zilikuwa hazijatoa hata maua!"

Kijiko kilisimama ndani ya sufuria.

"Aliingia lini?" aliuliza mama.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijaribu kuyazoa hata hivyo, nikasema nilimaanisha kama angeingia, nikasema nilikosea. Wifi alikuwa amefika mlangoni na beseni la vyombo. Sijui alianzia kusikia wapi, ila alisikia ya kutosha. Aliliweka beseni chini kwa utaratibu, kila sahani ikakaa mahali pake, na hakunitazama.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa haraka, kwa aibu, na kwa kiburi cha kazi yangu. Nilisema: sawa, tupime. Nusu ya lile doa la mlangoni ilikuwa bado ukutani. Nikamwambia mama abandue mbegu zilezile, asie mwenyewe, ahamishe mwenyewe, amwagilie mwenyewe, mashina arobaini, kwenye tuta la pembeni lililozungushiwa miiba. Wifi asiguse. Asikanyage hata mara moja, awe kwenye siku zake au asiwe, msimu mzima, bustani nzima, ili kusije kuwa na kisingizio. Kama mashina karibu kumi yatagoma tena, mama atakiri mbele ya watu kwamba ni mbegu.

"Na kama yote yataiva?" aliuliza mama.

"Hayataiva yote."

"Haya, mwalimu. Nimekubali."

Nilijiona mjanja. Hata nilifikiri nimempa wifi zawadi, kwa maana sasa haendi bustanini mwezi mzima, basi hakuna atakayejua siku zake. Nilimgeukia nikamwambia, "Umesikia, wifi? Hii itamaliza maneno."

"Sawa," alisema. Akachukua beseni lake akaenda kuosha vyombo.

Mwezi wa kumi mama alihamisha miche kwa magoti yake mabovu. Nilimpigia kila wiki, naye alinipa taarifa kama mtu wa ofisini: imeshika, imefikia gotini, imetoa maua. Nilipouliza habari za wifi alisema yupo. Mdogo wangu naye alisema yupo. Wifi mwenyewe nilimpigia mara mbili; aliniambia mhola, hakuna shida, akauliza kama Bariadi mvua zimeanza. Nilitosheka na hilo. Nilikuwa nasubiri rangi.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nilipokwenda, niliyaona kwa macho. Kwa kuwa mama hakuweza kuchota maji, wifi alichota. Alibeba ndoo kichwani kutoka lambo mpaka kwenye miiba, akaitua nje, akasimama. Mama akatoka ndani akichechemea, akaichukua, akaingia nayo. Wifi akasubiri ndoo tupu. Ndoo kumi na mbili asubuhi, kumi na mbili jioni. Na wanawake waliokuwa lambo walikuwa wakitazama. Mwanzoni, nilikuja kuambiwa, waliuliza kwa nini. Mama aliwajibu ukweli mtupu: "Ni mwalimu aliyesema asiingie. Ni mambo ya kitaalamu." Basi kijijini ikawa imekwisha. Yaliyokuwa maneno ya mama mkwe mwenye hasira yakawa maneno ya sayansi kutoka Bariadi. Mwanamke mmoja akamwomba wifi asipite karibu na maboga yake.

Nilitaka kuvunja kila kitu siku ile. Nilimwambia mama basi, inatosha, aingie. Mama alinikatalia, na safari hii alikuwa na haki. "Yaya, sikubali. Mimi nimeinama miezi miwili na magoti haya, ukaja kunivunjia katikati? Si ulisema hakuna kisingizio?" Nilimtafuta wifi nimwombe avumilie kidogo, matunda yameshatoka, yanakaribia. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Nilidhani anakunja zilizokauka.

Alirudi kwao Nyashimo siku tatu kabla ya Krismasi. Mdogo wangu alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akarudi, akakaa nje. Nilimwuliza kwa nini hakumzuia. Akasema, "Ningemwambia nini, dada?" Nilimtukana, na naona sikumtukana vya kutosha.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza mama alinipigia. Hakusema njoo uone maajabu. Alisema tu, "Njoo uhesabu."

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya miiba. Alikuwa hajafunga kitambaa popote. Mvua ilikuwa imeyasumbua baadhi ya majani, lakini mashina yote arobaini yalikuwa hai. Nilipita nikigusa kila moja. Thelathini na moja yalikuwa na nyekundu. Tisa yalikuwa yamegoma, matunda ya njano, magumu, yamepandwa na mkono wa mama, yamemwagiliwa na mkono wa mama, mkono ambao kijiji kizima kinaomba mbegu kwake. Nilitaka kupiga kelele. Nilisubiri siku hiyo kwa miezi minne na sasa ilikuwa imefika, namba ikiwa imekaa mahali pake kama kwenye kitabu.

Mama alichuma moja, akaibonyeza kwa dole gumba. Aliibonyeza tena.

"Ni mbegu," alisema.

"Ni mbegu, mayu."

"Hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye."

Kisha akafanya kitu ambacho sikutegemea kutoka kwake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amemkosea mtoto wa watu, na kwamba atasema hivyo lambo na atasema hivyo kanisani. "Mpigie, ng'wanone, mwanangu. Mwambie bustani yenyewe imesema. Mwambie arudi."

Nilipiga hapohapo, nimesimama katikati ya matuta. Wifi alipokea. Nyuma yake nilisikia magari ya barabara ya Musoma na mtu akiita wateja. Nilimwaga yote kwa pumzi moja: tisa kwa arobaini, mkono wa mama mwenyewe, robo kamili kasoro moja, mama amekiri, mama analia hapa karibu yangu. Hakuwa analia, lakini nilisema hivyo. Nilimwambia tumeshinda.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," alisema. "Wewe ulikuwa unajua tangu mwanzo kwamba siyo mimi?"

"Nilijua. Tangu siku ile ya ubaoni."

"Ulikuwa na uhakika?"

"Uhakika kabisa. Sikuwa na shaka hata kidogo."

"Sasa kama ulikuwa unajua," aliuliza, na sauti yake haikuwa na ugomvi, aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kuelewa, "ulikuwa unanipima nini?"

Nina majibu mengi kwa kazi yangu, na nilipitia yote. Kwake lilipita gari kubwa, likapiga honi, likapotea. Halafu simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye, na sikupiga tena.

Mama alikuwa amesimama karibu yangu, ile nyanya ya njano bado iko mkononi.

"Anasemaje?" aliniuliza. "Anakuja lini?"